Mwaka Wangu kwa Mama Sekela

Nilifika msibani Kihonda nikitokea stendi ya Msamvu, begi bado mkononi, na mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Sekela mwenyewe, yule binti ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake miaka yote mpaka wengi wetu tukasahau kwamba marehemu alikuwa na jina jingine. Sekela sasa ni mtu mzima, ana miwani na mvi za pembeni. Tulilia kidogo pale mlangoni, kisha akanishika mkono akanipitisha katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, akaniingiza jikoni. Nilidhani anataka nile. Akanivutia kigoda, naye akaegemea sinki. "Hapa ndipo alipokuwa akisimama," akasema. "Akirudi kutoka kazini hakuwa anasema na mtu. Anavua viatu, anaosha vyombo vyote, hata vile visafi anavitoa kabatini anavirudia. Akimaliza ndiyo anageuka anatuuliza habari za shule. Tulipokuwa wadogo tulifikiri tumemkosea." Nje kina mama walikuwa wameanza wimbo mwingine wa kanisani, na mtu alikuwa akiulizia upawa. Sekela akasubiri wimbo utulie. "Dada Zaituni, wewe ulifanya naye kazi. Hebu niambie, kulikuwa na nini huko?"

Sikuweza kumjibu pale. Nilimwambia nitamwandikia. Nimestaafu sasa, nafasi ninayo, na huu mwaka mmoja niliokaa chini ya mama yake nauona vizuri kuliko miaka mingi iliyofuata, ambayo imechanganyikana kichwani kama nguo kwenye beseni. Nilikuwa nimetoka chuo Dar es Salaam, nimefaulu vizuri, nikapangiwa mwaka wa mafunzo ya kazi katika hospitali kubwa ya mjini Morogoro, kitengo cha ustawi wa jamii. Chuoni tulikuwa tumesoma nadharia za watu wa mbali, tumechora vielelezo vya familia kwa mishale na duara, tumeigiza mazungumzo na wateja ambao walikuwa wanafunzi wenzetu wakizuia kicheko. Niliingia getini nimevaa sketi iliyopigwa pasi na koti jeupe nililoshonesha mwenyewe, nikamuuliza mlinzi ofisi ya ustawi iko wapi. Akafikiri kwa muda. "Ustawi," akarudia, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani aliyehama. "Aah, wale wa misamaha ya malipo! Pita wodi ya wazazi, pita jikoni, ukisikia harufu ya sabuni simama."

Harufu ya sabuni ilikuwa ya udobini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kilichopakana na chumba cha kufulia mashuka, zamani kilikuwa stoo ya vitanda vibovu, na baadhi ya vitanda hivyo vilikuwa bado vimesimamishwa ukutani nyuma ya mlango. Kulikuwa na meza moja, viti vitatu visivyofanana, na dirisha lililotazama Uluguru. Asubuhi milima ilikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu miti ya juu. Kufika mchana ilijifunika mawingu ikawa haipo. Ukuta wa kututenganisha na madobi haukufika darini, kwa hiyo mvuke ulikuja kwetu, karatasi zetu zilikuwa laini muda wote kama zimepumuliwa, na maneno yao yalikuja pia. Wanawake wale walizungumza siku nzima juu ya mashine iliyogoma, juu ya waume zao, juu ya bei ya dagaa, na wakati mwingine juu yetu. "Hawa wa hapa jirani kazi yao nini hasa?" nilimsikia mmoja wiki yangu ya kwanza. "Kukaa na watu wanaolia," akajibu mwenzake. "Na wanalipwa?" "Ndiyo, wanalipwa." "Basi na mimi nikae nao, mbona nalia bure nyumbani?" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nilikasirika. Mama Sekela, aliyekuwa akisaga chumvi ya mawe kwa kitako cha glasi ili ale embe lake, alitabasamu bila kuinua macho. "Wametuelewa kuliko daktari mfawidhi," akasema.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeletwa Morogoro na kazi na hakuondoka tena. Alivaa raba za wanaume kwa sababu ya miguu kuvimba. Tulikuwa sisi wawili kwa hospitali yote, wodi zote, na mochwari. Asiyekuwa na ndugu alikuwa wetu. Mtoto aliyeachwa kwenye benchi la kliniki alikuwa wetu, mzee aliyeruhusiwa kwenda nyumbani lakini hajui nyumbani ni wapi alikuwa wetu, na maiti isiyo na jina ilikuwa yetu mpaka izikwe. Gari hatukuwa nalo. Tulipohitaji kumsafirisha mtu, Mama Sekela alienda kusimama kando ya dereva wa gari la wagonjwa, akimwulizia habari za mke wake na mbuzi wake, mpaka dereva mwenyewe aseme, "Sema mama, tunaenda wapi." Wauguzi walituita pale tu jambo lilipowashinda, na walituita kwa jina la kazi yetu iliyojulikana zaidi: "Waite wa misamaha waje wamwondoe huyu." Mchana tulikula kwa mama ntilie nje ya geti, wali na maharage yenye nazi, au ugali na mlenda siku za mwisho wa mwezi, na hata pale watu walimfuata Mama Sekela na shida zao, naye alikula akiwasikiliza, kijiko kinakwenda polepole.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kukaa. Nilikuwa nikisimama kando ya kitanda na kalamu mkononi, nauliza maswali kwa mpangilio niliofundishwa. Siku moja aliniondolea kalamu hiyo mbele ya mgonjwa, akaiweka kwenye mfuko wake. Tulipotoka akasema, "Daktari anasimama. Nesi anasimama. Mhasibu anasimama. Mtu amelala chali, anaona tundu za pua za watu wazima tangu asubuhi. Wewe kaa." Nikamuuliza, nikikaa niseme nini? "Usiseme. Mtu akikaa na wewe bila haraka, utamwambia mwenyewe." Nilijaribu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mitihani yote. Nilikaa kando ya vitanda na mikono mitupu mapajani, nikisikia watu wa vitanda vya jirani wakisengenyana, nikihesabu feni, nikijiona mjinga, na kweli baada ya muda mgonjwa angeanza: kwanza habari ya chakula, halafu habari ya mtoto, halafu lile lenyewe.

Felista aliletwa wakati wa masika, kwenye pikapu ya kubebea kabichi. Alitoka juu ya Nyandira, huko Mgeta, mwanamke kijana wa umri wangu au chini kidogo, mwenye watoto wawili. Alikuwa akishuka mlimani na tenga la karoti kichwani, njia ikiwa na utelezi, akaanguka na kuvunjika mguu wa kulia chini ya goti, mfupa ukatoka nje. Nyumbani walimfunga kwa vijiti na dawa ya majani, wakangoja. Alipofika kwetu, harufu ya mguu ule ilitangulia kitanda kwenye korido. Wagonjwa wenzake waligeukia ukutani kwa adabu, wasionekane wanaziba pua. Daktari Shayo, daktari wa upasuaji, alimtazama asubuhi hiyohiyo akasema mguu ukatwe haraka, kabla sumu haijapanda. Mumewe Thobias, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alikubali akataka kalamu atie sahihi. Felista akasema hapana. "Mjomba hajasema," akasema. Hakupaza sauti. Walimweleza, wakarudia kumweleza, nesi mkuu akaja akamgombeza kama mtoto, naye akajibu lile lile, macho yakiwa darini. "Mjomba hajasema."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu ya mambo makubwa, ardhi, ndoa, ugonjwa. Hilo nililijua kwa kusoma. Sikuwa nimewahi kuliona likisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji likawazuia watu wenye makoti. Daktari Shayo alikuja mwenyewe hadi ofisini kwetu, jambo ambalo sikuliona tena mwaka ule. Alilazimika kuinama kukwepa kamba ya madobi. "Mama Sekela, nina mtu anakufa kwa sababu ya mjomba," akasema. "Ni mtu mzima, ana akili timamu, siwezi kumkata kwa nguvu. Mkamshawishi." Mama Sekela akamkaribisha kiti. Hakukaa. "Daktari, kushawishi siwezi," akasema. "Naweza kujua anaogopa nini. Nipe leo na kesho." "Kesho jioni nitakuwa nawaita nyinyi kwa ajili ya mazishi," akasema daktari, akaegemea mlango akijifuta uso kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimemdhania mtu wa majivuno. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa akimwogopea Felista kama sisi.

Mama Sekela alikwenda akakaa na Felista mchana mzima. Mimi nilikaa upande wa pili. Felista alizungumza juu ya karoti, juu ya mtoto wake mdogo anayekula udongo, juu ya mjomba wake, Mzee Banzi, aliyemlea baada ya mama yake kufa. Mama Sekela alipomuuliza anafikiri nini juu ya mguu, alifumba macho. Thobias alikuwa amechuchumaa nje ya wodi. Tulimuuliza kwa nini hakumleta mjomba. "Nilimwomba," akasema. "Alikataa. Alisema hatakanyaga hospitali hii tena." Mama Sekela akamgeukia. "Tena?" akauliza. Thobias akainua mabega, akasema hayo ni mambo ya ukoo wao, yeye mkwe hawezi kuuliza.

Kesho yake alfajiri tulipanda pikapu inayorudi Mgeta ikiwa na mifuko ya mbolea na matenga matupu. Tulipita Mzumbe, tukaiacha lami pale Sangasanga, kisha ikaanza ile barabara inayopinda na kupinda mpaka unaona chini ya miguu yako mahali ulipokuwa muda mfupi uliopita. Mama Sekela alikaa mbele, mimi nyuma juu ya mbolea pamoja na wanawake waliokuwa wakiongea Kiluguru, sauti zao zikipanda na kushuka kama barabara yenyewe. Baridi ilinishika, mmoja wao akanifunika kanga yake bila kuacha kuongea. Pikapu ilipokomea tulitembea. Njia ilipanda katikati ya vitalu vya njegere na kabichi vilivyochongwa mlimani kama ngazi, maji yakipita kwenye mifereji kando yake, na kila baada ya kona Mama Sekela alishika kiuno, akatazama juu, akasema, "Binadamu wanaishi kule?" Nilipoteleza mara ya kwanza ndipo nilipoelewa namna Felista alivyoanguka. Ilikuwa rahisi sana kuanguka pale.

Mzee Banzi alikuwa anapalilia. Mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. "Shikamoo mzee," tukasema. "Marahaba wanangu. Karibuni." Alitujua ni akina nani, nafikiri tangu alipotuona tunahema kule chini, lakini hakuuliza tumefuata nini. Alitupeleka ndani. Chumba kilikuwa na giza la moshi, mahindi yamening'inizwa juu ya meko, picha ya Bikira Maria, na benchi moja refu. Mkewe alituletea magimbi ya kuchemsha na njegere zilizoungwa kwa karanga, na chai yenye mchaichai, na tulikula yote kwa sababu tulikuwa na njaa kweli. Mzee alitutazama tukila. Niliona Mama Sekela hana haraka hata kidogo, anamenya gimbi lake taratibu, na kichwani mwangu nilikuwa nikiona mguu wa Felista, na saa, na daktari, nikatamani kupiga kelele. Ndipo mzee akasema bila kuulizwa, "Dada yangu Anastazia aliingia hospitali yenu anatembea."

Tukaacha kula. "Tumbo lilimsumbua. Nilimshusha mwenyewe, tukapanda gari, akaingia getini kwa miguu yake, anacheka. Wakaniambia ningoje nje. Nikalala nje. Asubuhi nikaambiwa ningoje. Mchana kijana mmoja akatoka akaita jina, nikaitika, akaniambia gari la kubebea maiti nitafute mwenyewe. Basi. Nilimuuliza, amekufa na nini? Akasema yeye si daktari. Nikauliza daktari yuko wapi, wakasema ametoka." Alipangusa mikono yake kwenye suruali. "Nilipewa mtu kwenye shuka. Neno sikupewa. Mpaka leo watu wa ukoo wakiniuliza dada yako alikufa na nini, sina la kuwaambia. Sasa na mtoto wake mnataka nije niseme mkateni." Mkewe alikuwa amesimama na birika mkononi. Nilimtazama Mama Sekela. Nilingoja aeleze kwamba siku zile wauguzi walikuwa wachache, kwamba mambo yamebadilika, kwamba sisi si wale. Hakusema hata moja. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, akayafuta kwa kiganja chenye unga wa gimbi. "Mzee," akasema, "walikukosea. Kazi ya kukwambia ilikuwa ya mtu fulani, na huyo mtu hakuifanya. Pole sana." Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Hakuna mtu wa kule chini aliyewahi kumwambia pole, alisema baadaye. Kisha akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua: wanakata wapi, wanakata na nini, anakuwa amelala au anaona, nani atamwogesha. Mama Sekela alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua akasema, "Hilo atakujibu daktari mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Nakuahidi." Mzee akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti na viatu vya kanisani.

Tulifika mjini jua likielekea kuzama. Njia nzima nilikuwa nikiomba. Felista alikuwa hai, homa imempanda, midomo imekauka, Thobias anampepea kwa kipande cha boksi. Mama Sekela alimfuata Daktari Shayo akamwambia kuna mtu inabidi azungumze naye, na awe amekaa. Sijui alisema kwa sauti gani, lakini daktari alikuja na akakaa, kwenye ukingo wa kitanda kitupu cha jirani, magoti yake yakikaribia kugusana na ya mzee. Akamweleza yote. Mzee aliuliza maswali yale yale aliyouliza mlimani, mengine mara mbili, naye akajibu mara mbili. Kisha mzee akamgeukia Felista, na sisi wote, wagonjwa wa vitanda vya jirani pia, tukangoja aseme.

"Mama yangu," akamwambia, maana Waluguru humwita mpwa kwa heshima ya aliyemzaa, "wamesema mimi ndiye mwenye neno. Nimekuja. Lakini mguu si wangu. Wewe unasemaje?"

Felista alianza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia. "Kwa nini umekuja?" akasema. "Ulisema huwezi kukanyaga hapa. Nilijua hutakuja." Mzee hakuelewa, wala mimi sikuelewa mara moja. "Nilisema mjomba kwa sababu nilijua huji," akasema Felista. "Nilitaka wangoje. Nilitaka tu wangoje."

"Wangoje nini, mama?"

"Njia ya nyumbani unaijua," akasema Felista. "Na mguu mmoja nitaipandaje? Nitalimaje kule? Nitakaa ndani nabebwa kwenda chooni kama mtoto, mpaka Thobias achoke, mpaka hata wanangu wachoke. Bora nirudi kwenye shuka kama mama."

Tulikuwa tumehangaika na mila, na mume, na hofu ya kisu, na kumbe mwenzetu siku zote alikuwa akiitazama ile njia. Mimi niliipanda asubuhi ile ile, nikateleza, na bado sikuiona. Mzee Banzi alikuwa anafikiri jambo la ukoo, na lilimchukua muda kulimaliza. "Basi hutaipanda," akasema mwishowe. "Lile shamba la chini, barabarani, pale magari yanapogeuzia. Nalima mimi, lakini ni la mama yako. Ni lako. Kuna tambarare ya nyumba. Nitashusha tofali kabla hujatoka hapa." Thobias akaweka chini kile kipande cha boksi. "Na mimi nitakuwepo huko," akasema, akimwambia mjomba lakini akimtazama mkewe. Felista akamwangalia kila mmoja wao kwa zamu, kwa shaka, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kujitwisha. Kisha akaomba maji. Alipomaliza kunywa akamwambia daktari, "Lete hiyo karatasi."

Walimkata jioni ile, juu ya goti. Alipona, ingawa neno hilo ni fupi kuliko kilichotokea. Kwa wiki nyingi alilalamika kwamba vidole visivyokuwepo vinamwasha, na alituchukia sote kwa kushindwa kuvikuna. Mimi ndiye niliyekaa naye asubuhi, kwa kuwa Mama Sekela alisema huyu ni wako sasa. Alinitukana kwa Kiluguru. Mara moja alinimwagia uji, na ulikuwa wa moto. Nilitoka nikaenda kusimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa nyuma ya ofisi, ambako ungeweza kulia bila kuonekana, nikamkuta Mama Sekela yuko huko tayari, mgongo umenigeukia. Alikuwa anatoka kumzika mtoto asiye na jina. Alinipa upande mmoja wa shuka lililokauka, tukalikunja pamoja, pembe kwa pembe, kisha jingine, mpaka madobi walipotuona wakaanza kushangilia kwamba wamepata vibarua. Leo, Sekela, nikifikiri swali lako, nadhani hilo ndilo jibu nililonalo. Hospitali ilikuwa na mtu wa kumpima kila mgonjwa joto. Sisi tuliobeba yale waliyotuambia tukiwa tumekaa, hatukuwa na pa kuyatua. Hakuna aliyetuuliza, na wala hatukujua kuulizana. Mama yako aliyatua kwenye sinki.

Mwaka wangu ulipokwisha, kabla ya kurudi Dar kwa ajili ya ripoti na mahafali, nilipanda pikapu ya Mgeta peke yangu. Hakuna aliyenituma. Nilishuka pale magari yanapogeuzia. Palikuwa na nyumba ndogo ya tofali, bati bado jipya linaumiza macho, na mbele yake genge la mboga lenye watu wengi. Felista alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu alichotengenezewa, magongo yameegemezwa nyuma yake, anamfokea mwanaume mmoja. "Kaka, usizibinye hizo nyanya, siyo mpira! Ukiibinya umeinunua." Watu walicheka. Mtoto mdogo alikuwa ananyonya karoti chini ya meza. Nilisimama nyuma ya foleni, bila koti jeupe, na zamu yangu ilipofika aliniuliza, "Karoti au kabichi, dada?" bila kunitambua, macho yakiwa kwenye chenji mkononi. Akainua uso. Akanitazama. Kisha akapiga kofi mezani.

"Dada wa ustawi! Mbona umekonda hivyo? Thobias, lete kiti! Umekula?"

Thobias alileta kiti, na viazi vya kukaanga na chai. Nilikaa pembeni yake nyuma ya meza, kama mtu wa nyumbani, wateja wakinitazama. Nilianza kumuuliza habari za mguu, habari za kidonda, kama nilivyozoea, nikiitikia kwa kichwa kila jibu. Alinijibu mawili matatu huku akipima njegere. Kisha akasita, kikombe cha kupimia kikiwa hewani.

"Na wewe je?" akasema. "Wewe unakaa na sisi siku nzima tunakulilia. Na uji nilikumwagia. Wewe nani anakuuliza?"

Nilitaka kusema niko salama, Alhamdulillahi, lile jibu la kila siku. Badala yake nikaanza kulia pale pale mbele ya fungu la nyanya, mbele ya watu. Felista hakushtuka wala hakuniambia ninyamaze. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akammiminia mteja njegere zake, akampa chenji, akasema, "Haya, niambie. Anza popote." Nikaanza na yule mtoto asiye na jina. Nilimweleza mpaka gari la mwisho la mjini likapiga honi, naye aliendelea kuuza, akisikiliza, akiuza, na kila nilipokwama alisema, "Ehee?"